Nibadilishe Stratocaster yangu nichukue Les Paul? Naombeni ushauri, wapiga gitaa

SoloLaPili (mwanzisha uzi)

Habari za usiku wakuu.

Jambo hili nimekaa nalo miezi miwili. Nalileta hapa kwa sababu kwenye bendi yetu kila mtu ana jibu lake, na wengi wao hawajawahi kulishika gitaa langu hata dakika moja.

Napiga solo la pili kwenye bendi ya dansi hapa Dar. Ijumaa hadi Jumapili tuko kazini, kumbi mbili tofauti, na kila onyesho si chini ya saa nne. Gitaa langu ni Squier Stratocaster, nililinunua mkononi mwa mtu mwaka 2016, nafunga nyuzi namba 10 (namba ni unene wa uzi). Limenilisha, limenisomeshea mtoto, sina neno baya nalo. Lakini kuna mambo yananisumbua.

La kwanza, linanguruma. Kabla sijagusa uzi, spika tayari inasema mmmmm, na fundi mitambo anageuka kunitazama mimi.

La pili, tukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, sauti yangu inakuwa nyembamba. Kinanda, tarumbeta na solo la kwanza wanapita juu yangu.

Halafu kuna hili dogo: tangu nilipoanguka na bodaboda mwaka juzi kidole changu kidogo cha kushoto hakinyooki chote, kwa hiyo kuna mapigo ya huku karibu na kichwa cha gitaa nimeyaacha. Hilo nimeshalizoea.

Sasa kuna kijana ana Epiphone Les Paul, safi, haina hata mkwaruzo. Anataka tubadilishane, nimuongezee laki nne. Anasubiri jibu hadi mwisho wa mwezi. Laki nne kwangu si hela ndogo, ndiyo maana nauliza. Nibadilishe au nitulie?

MkonoWaKwaya

Mkuu, badilisha, tena kesho asubuhi.

Mimi napiga kwaya hapa Mwanza na nimepita njia hiyohiyo. Nilikuwa na Strat, tukienda kurekodi au kwenye mkutano wa nje ilikuwa aibu tupu, mlio wa umeme unasikika katikati ya maombi. Nikachukua gitaa la hambaka, kile kinasa-sauti kisichonguruma kama cha Les Paul, kukawa kimya. Ukishaonja huo ukimya hurudi nyuma. Na solo linajaa, noti moja inakaa hewani mpaka wewe mwenyewe uamue kuikata. Laki nne ni hela, lakini hesabu maonyesho mangapi unafanya kwa mwaka.

FundiShingo

Subirini kidogo. Kabla ya kumtoa mtu laki nne tuulize maswali ya fundi.

SoloLaPili, naomba unijibu haya matatu. Huo mngurumo uko kumbi zote mbili au mmoja? Ukigusa nyuzi kwa kiganja unapungua au unazidi? Na ukiweka swichi kwenye nafasi ya pili au ya nne, yaani pale pikapu mbili (vile vinasa-sauti vya chini ya nyuzi) zinapoimba pamoja, unabaki vilevile?

Naeleza kwa nini nauliza, kwa faida ya wengine pia. Pikapu ya Strat ni koili moja ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye sumaku sita. Kazi yake ni kusikia uzi ukitetema, lakini koili hiyohiyo inanasa pia umeme unaoelea hewani, kama antena. Umeme wetu ni wa 50 Hz, ndiyo maana mngurumo ni mzito vile. Taa za kumulika steji, transfoma ya ampu, friji ya vinywaji nyuma ya ukuta, vyote vinaingia humo.

Hambaka ni koili mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, moja imezungushwa kinyume na nyenzake na sumaku yake imegeuzwa. Kelele ya hewani inafika kwenye koili zote mbili ikiwa kinyume, inajiua yenyewe. Sauti ya uzi inafika ikiwa upande mmoja, inajumlishwa. Aliyeibuni pale Gibson, wenye Les Paul, ni Seth Lover katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1957 ikaanza kuwekwa kwenye Les Paul. Kwa hiyo MkonoWaKwaya hajakosea hata kidogo kuhusu ukimya. Swali langu ni kama tatizo la huyu ndugu liko kwenye gitaa.

SoloLaPili

Asante fundi. Nimejaribu Ijumaa na jana.

Ukumbi wa kwanza upo mngurumo mdogo sana, nikiwa napiga hausikiki. Ukumbi wa pili ndiyo balaa. Nikigusa nyuzi unapungua. Nafasi ya pili na ya nne unakaribia kuisha kabisa. Na kuna kitu sikukiandika mwanzo: huo ukumbi wa pili, nikisogea kuimba kiitikio huku nimeshika gitaa, maikrofoni inanipiga shoti mdomoni. Siyo kila siku.

FundiShingo

Hapo naomba tusimamishe habari za Les Paul, tuzungumzie maisha yako.

Nyuzi za gitaa lako zimeungwa na waya wa ethi, ule wa usalama unaoingia ardhini, kupitia kebo hadi kwenye ampu. Ndiyo maana ukizigusa mngurumo unapungua, hiyo ni afya, gitaa lako limefungwa vizuri. Lakini maikrofoni nayo imeungwa na ethi ya mikisa. Kama ampu yako na mikisa ziko kwenye soketi tofauti, na moja haina ethi ya kweli, basi wewe ndiye unakuwa waya unaoziunganisha, mkono upande mmoja na mdomo upande mwingine. Leo inakupiga kidogo. Siku mvua imenyesha, jasho limekujaa na viatu vimelowa, haitakuwa kidogo. Wapiga gitaa wameshakufa steji kwa hali hiihii.

Mwambieni mwenye ukumbi alete fundi umeme apime ethi kwenye soketi za steji. Angalieni na ekstensheni zenu: plagi zetu za miguu mitatu, ule mguu mrefu wa juu ndio wa ethi, na kuna watu wanaukata au wanaacha waya wake bila kuufunga ndani. Kabla halijatengenezwa usiimbe na gitaa mkononi pale. Na tafadhali usikubali mtu akuambie ukichukua gitaa la hambaka shoti itaisha. Mngurumo ungepungua, shoti ingebaki palepale, nawe ungekuwa umepoteza dalili iliyokuwa inakuonya.

MkonoWaKwaya

Hili la shoti sikulijua, asante fundi. Narudi nyuma kidogo kwenye neno langu la "kesho asubuhi". Lakini la sauti nyembamba bado halijajibiwa, na hapo nasimama na Les Paul.

MzeeWaRidhim

Vijana, shikamooni nawaitikia kabla hamjanipa. Mimi niko Morogoro, nimepiga ridhim tangu ningali kijana na leo vidole vimechoka, lakini masikio yapo.

Nataka kumwuliza SoloLaPili: nani alikuambia solo la pili linatakiwa kuwa nene?

Dansi yetu imejengwa kwa magitaa kupishana. Besi iko chini, ridhim inashona katikati, solo la pili linadonoa kwenye matundu ambayo ridhim imeacha, na solo la kwanza linapita juu likitembea na mwimbaji. Hapa kwetu tulikua na sauti ya Mbaraka Mwinshehe redioni, tangu enzi za Morogoro Jazz hadi Super Volcano, mpaka alipofariki kwa ajali mwaka 1979. Sikiliza zile rekodi za Radio Tanzania, za kwake na za bendi za Dar za miaka ile. Unaweza kuhesabu kila noti ya kila gitaa. Hakuna aliyekuwa mnene, na wote wanasikika. Gitaa la pili likinenepa linakalia kiti cha ridhim, na ridhim ikikosa kiti wachezaji wanakaa chini.

Kwa hiyo unaposema wanakufunika, nauliza kwanza umekaa wapi kwenye ampu. Besi umeiweka ngapi? Ya kati ngapi?

SoloLaPili

Shikamoo mzee.

Ampu naweka besi 7, ya kati 3, ya juu 6. Niliiga kwenye video moja, nyumbani inasikika tamu sana.

MzeeWaRidhim

Marahaba mwanangu. Basi hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Nyumbani uko peke yako, kila sauti ni yako. Steji besi yako inamezwa na besi la besisti na teke la ngoma, halafu ile ya kati, ambayo ndiyo nyumba ya gitaa, umeitoa mwenyewe. Weka besi 3, ya kati 6 au 7, ya juu 5. Ukiwa peke yako utaona sauti mbaya, kama ya redio ndogo. Vumilia. Bendi ikiingia utajisikia.

FundiShingo

Nakazia kwa mzee. Na uangalie kimo cha pikapu. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, yaani kile chuma cha mwisho kilicholala kwenye shingo, pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya sumaku. Milimita 2 hadi 2.5 inatosha kuanzia. Watu wanazipandisha wakitafuta nguvu, lakini sumaku za Strat zikikaribia sana zinavuta nyuzi nene na noti za juu zinakuwa kama zina mbili ndani yake, hazitulii hata ukityuni namna gani.

NyuziSita_Mombasa

Hamjambo. Nimesoma uzi wote huu na nimeshangaa. Kumi na ngapi mmeandika, na hakuna aliyemwuliza kuhusu kidole?

Kaka SoloLaPili, umeandika mambo mawili kwa maneno mengi, na la tatu ukalipitisha haraka ukasema umelizoea. Mimi nafundisha gitaa hapa Mombasa na jioni napiga hotelini, na nina mwanafunzi aliyekatika mshipa wa kidole. Mngurumo unarekebishika, ampu inarekebishika. Kidole ndicho unachoenda nacho kila onyesho. Mapigo gani umeyaacha? Tueleze.

SoloLaPili

Dada, umenigusa pabaya kwa nia njema.

Kuna staili yetu tunaanzia freti ya kwanza au ya pili, kidole cha kwanza kinabaki pale na kidogo kinafika freti ya tano, haraka, na kurudi. Nilikuwa naipiga tangu nikiwa na miaka 19, ndiyo iliyonipa nafasi kwenye bendi. Sasa hivi nikifika kwenye nyimbo hizo nahamia juu freti ya kumi na mbili, nafanya kitu kinachofanana. Watu hawajui. Mimi najua. Kiongozi wa bendi naye anajua, ila hajawahi kuniambia.

Daktari alisema kidole kimepona na hapo kilipofika ndipo kitakapoishia.

NyuziSita_Mombasa

Asante kwa kusema. Sasa tuna kitu cha kupima.

Strat ina urefu wa uzi unaotetema wa milimita 648, toka kwenye mfupa wa juu, karibu na kichwa, hadi darajani chini, nyuzi zinapoishia. Les Paul na ndugu zake ni takriban milimita 628. Watu wanadhani tofauti hiyo ni ya mkazo tu, lakini freti nazo zinasogeleana. Toka freti ya kwanza hadi ya tano unaokoa karibu milimita 4. Kwa mkono mzima hiyo si kitu. Kwa kidole kisichonyooka inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kufika na kutofika.

Ila usinunue kwa sababu nimesema. Jaribu kwanza, na kujaribu hakukugharimu kitu zaidi ya kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi shingoni. Shusha nyuzi zote nusu toni, kisha funga kapo kwenye freti ya kwanza. Gitaa litarudi kwenye tyuni yake ya kawaida, lakini sasa Strat yako imekuwa gitaa la milimita 612 hivi, fupi kuliko hata Les Paul. Freti ya pili ihesabu kuwa ya kwanza. Piga ile staili yako hapo, wiki nzima, polepole, halafu utuambie.

FundiShingo

Miaka yote hii nafunga na kufungua magitaa na sijawahi kumpa mteja jaribio hilo. Nimelichukua, dada.

Niongeze la mkazo, kwa sababu watu wanalichanganya na la umbali. Ukihama 648 kwenda 628 mkazo wa uzi unapungua karibu asilimia 6. Ukibaki na gitaa lako lakini ukatoa namba 10 ukafunga namba 9, uzi wa kwanza unapungua karibu asilimia 19. Kwa hiyo kama maumivu yako ni ya kukandamiza na kupinda nyuzi, pakiti ya namba 9 inafanya kazi kubwa kuliko gitaa jipya. Ila pakiti ya nyuzi haisogezi freti. Jiulize kidole kinashindwa kubonyeza au kinashindwa kufika.

SoloLaPili

Kinashindwa kufika. Nguvu kinayo.

Kapo nimeazima kwa jirani. Nawarudia.

Kijana_wa_Metali

Wakuu mimi nadhani mnamzungusha. Les Paul ni fupi, haingurumi, ina sauti nene. Majibu matatu kwa gitaa moja. Achukue tu.

FundiShingo

Kijana, inawezekana mwisho wa yote ukawa sahihi. Ila kabla hajachukua ajue na haya, maana yananiletea wateja kila mwezi. Les Paul mwili wake ni mnene, nyingi zinafika kilo 4 na kuzidi, na huyu anasimama saa nne. Halafu kichwa chake kimelala nyuma kwa pembe, na pale shingo inapokutana na kichwa mbao imechimbwa kwa ajili ya nati ya chuma cha ndani kinachonyoosha shingo. Likianguka chali, hata kutoka kwenye kiti, hapo ndipo linapokatika. Kichwa cha Strat kiko sambamba na shingo na mbao yake ni ngumu, nimeona zimeanguka kwenye Bajaji zikaokotwa zikaendelea na kazi. Ukichukua Les Paul nunua na kasha gumu. Begi la kitambaa kwenye bodaboda usijaribu.

SoloLaPili

Wakuu, nimerudi. Siku tisa.

Naanza na ukumbi. Fundi umeme ameletwa. Soketi mbili za steji hazikuwa na ethi kabisa, waya ulikuwa umekatika ndani ya ukuta. Imefungwa upya. Shoti imeisha, na mngurumo umepungua zaidi ya nusu. FundiShingo, sijui nikushukuru vipi. Mwimbaji wetu mmoja naye alikuwa anapigwa na hakusema, akidhani ni maikrofoni yake mbovu.

Ampu nimeweka kama mzee alivyosema. Nyumbani mke wangu aliuliza kama spika imeharibika. Jumamosi besisti ndiye aliyenifuata mwenyewe baada ya seti ya kwanza, akauliza nimebadilisha nini, maana leo ananisikia.

Sasa kapo. Siku ya kwanza na ya pili hakuna kitu, vidole vilikuwa vinatafuta mahali pa zamani. Siku ya nne usiku, watoto wamelala, nikaipiga ile staili polepole bila kuunganisha na ampu, na kidole kikafika. Nikarudia. Kikafika tena. Nilikaa na gitaa pale kitandani muda mrefu bila kupiga kitu.

Kwa hiyo naona jibu: nahitaji gitaa fupi. Nimemwomba yule kijana aniazime Les Paul yake Jumapili moja nikiwa nimemwachia langu kama dhamana, amekubali.

NyuziSita_Mombasa

Nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Nenda nayo steji, usiishie chumbani. Na ukirudi tuambie kidole, bega na masikio, vyote vitatu.

SoloLaPili

Ripoti ya Jumapili.

Kidole: kinafika, lakini kwa kubahatisha. Mara nne kati ya tano. Kwenye kapo kilikuwa kinafika kila mara.

Bega: saa mbili za kwanza sikuhisi kitu. Saa ya tatu nilianza kuegemea ampu. Asubuhi sikuweza kunyanyua mkono wa kushoto vizuri.

Masikio: hapa ndipo nilipopata somo. Ukimya ni wa ajabu kweli, MkonoWaKwaya hakudanganya. Noti inakaa. Kwenye utangulizi wa nyimbo za taratibu nilisikia raha ambayo sijawahi kuipata kwenye Strat. Lakini tulipoingia kwenye chemko mpiga ridhim akaanza kunitazama. Kila nilipodonoa, noti yangu ilikuwa inabaki na kumwangukia yeye. Mapumziko kiongozi akaniambia maneno yaleyale ya mzee, eti nimeingia chumba cha mwenzangu. Seti ya pili nikashusha pikapu ya shingo, nikaweka swichi katikati, volyumu nikairudisha hadi 6. Ikawa bora, wala siyo mbaya, ila nilikuwa napigana na gitaa liwe kitu ambacho siyo.

Nimemrudishia kijana gitaa lake na kumwambia hapana. Sasa nimebaki na swali jipya. Kuna gitaa fupi lenye sauti ya Strat?

MkonoWaKwaya

Umetenda haki, umelijaribu. Kwa kwaya mimi bado naishi na hambaka, sisi tunapiga gitaa moja na kinanda, nafasi ipo tele. Kwenu magitaa matatu, naelewa.

MzeeWaRidhim

Mpiga ridhim akikutazama steji, msikilize. Hana maikrofoni, macho ndiyo anasemea.

NyuziSita_Mombasa

Lipo, kaka, na ni la ukoo uleule. Fender, wenye Strat na chapa ya Squier, walitoa Mustang mwaka 1964 kama gitaa la wanafunzi, lina urefu wa milimita 610. Linganisha na kapo yako: 612. Yaani wewe umeshalipiga wiki nzima bila kulijua. Pikapu zake ni mbili za koili moja kwa ule muundo wa zamani, mwili mwepesi. Squier nao wanalitengeneza kwa bei ya watu kama sisi. Angalia tu usikose, kuna Mustang za Squier zenye hambaka, na hizo zitakurudisha kwenye kesi ya Jumapili. Uliza picha kabla ya kutoa nauli.

Lina kasoro zake. Halina ile pikapu ya katikati, kwa hiyo sauti za nafasi ya pili na ya nne za Strat utaziaga. Swichi zake za zamani ni vitelezo viwili vidogo juu ya pikapu, kila pikapu na chake, na ukivisogeza vibaya pikapu mbili zinaimba kinyume na sauti inakuwa kama ya puani. Tremolo yake, ule mkono wa kuyumbisha sauti, pia inapoteza tyuni ukiichezea sana.

SoloLaPili

Tremolo situmii kabisa, mkono wake niliutoa siku niliyonunua. Nafasi ya nne nitaikumbuka, hiyo sifichi.

Naanza kutafuta.

FundiShingo

Ukilipata nitumie picha ya freti na ya shingo ukiitazama kwa ubavu, kutoka kichwani kuelekea darajani. Usilipe kabla.

SoloLaPili

Imechukua wiki saba. Limepatikana kwa mtu aliyeletewa na ndugu yake kutoka Uingereza, akalipiga mwezi mmoja akaliweka. Squier Mustang, pikapu mbili za koili moja, rangi ya bluu iliyopauka. FundiShingo ameona picha, akasema freti nzima, shingo imejikunja kidogo, inanyooka kwa robo mzunguko. Imenyooka. Nimelipa laki saba na nusu, nimeazima sehemu kwa kaka yangu.

Jana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ukumbini. Linanguruma kidogo, kama Strat ilivyokuwa, ila kwa ethi mpya sikujali. Bega halikuhisi kitu. Nafasi ya nne nimeikosa kwenye nyimbo mbili, na nimeikosa kweli.

Katikati ya seti ya pili ulikuja ule wimbo. Nimezoea kuhamia freti ya kumi na mbili, na mkono ulikuwa umeshaanza kwenda huko. Nikaurudisha. Nikaipiga chini, pale pake, mizunguko minane yote. Kiongozi alikuwa amenipa mgongo anaongea na mpuliza tarumbeta. Akageuka. Hakusema kitu, akaonyesha kwa kidole kwamba turudie, tukarudia mizunguko minane mingine.

NyuziSita_Mombasa

Ewe kaka. Alhamdulillah.

Namba ngapi umefunga? Kwa 610 namba 9 zitalegea sana.

SoloLaPili

Namba 10, dada, na bado ni laini. Fundi anasema nijaribu 11 kabla ya mwisho wa mwezi.

Kijana_wa_Metali

Mkuu hongera. Ile Strat unauza? Nipe bei, mimi freti ndefu hazinisumbui.

SoloLaPili

Nilifikiria kuiuza nimlipe kaka. Lakini kuna binti wa mpiga ngoma wetu, ana miaka 14, anakuja kila Jumamosi mazoezini anakaa nyuma ya ampu yangu anatazama vidole. Nimempa aende nayo nyumbani. Nimeifunga namba 9.